Jina Hutoka kwa Mwokotaji

Nagoya, 8 Februari 1954

Baba,

Natumaini theluji ya huko haijavunja paa la ghala. Huku tumepata mvua ya baridi tu. Mimi ni mzima, na mtoto anapiga mateke ya kutosha. Mkunga anasema ni Aprili.

Ninakuandikia kwa ajili ya mama mkwe. Mwaka huu mwanawe Haruo ametimiza arobaini na miwili kwa hesabu ya kizamani, na mama mkwe amekosa usingizi. Anasema huo ndio mwaka wa nuksi wa mwanamume, na mtoto anayezaliwa ndani yake humfia baba, au baba humfia yeye. Juzi tulikuwa tunamenya figili, akaniambia:

"Huyu lazima atupwe."

"Atupwe wapi, mama?"

"Usijifanye hujui. Wewe mwenyewe unaitwa Sute, Aliyetupwa. Waulize wa kwenu inafanywaje. Sisi watu wa mjini tumesahau."

Nikamwuliza, "Akiisha kutupwa, ataitwa nani?"

"Yumiko," akajibu bila kuinua macho. "Binti wa daktari ni Yumiko. Wa muuza vioo ni Emiko. Mjukuu wangu akiitwa darasani, sitaki watu wageuke kumtazama."

Akiwa wa kiume, Haruo ana jina la babu yake tayari. Lakini tumbo ni la duara, na wanawake wote wa mtaani wamekwisha kukata shauri kwamba ni wa kike.

Mimi wamenigeukia miaka yote ya shule. Mwalimu akifika kwenye jina langu, wasichana wa nyuma walinong'ona, "Leo kaokotwa?" Basi naomba unieleze mambo matatu: desturi hiyo hufanywaje, ni nani aliyeniokota mimi, na kama ni lazima jina liwe kama langu. Sitaki binti yangu aitwe Sute. Hilo nalisema mapema.

Mwanao,
Sute

*

Sanozawa, 14 Februari 1954

Sute,

Barua yako imefika. Umeandika kwa haraka, na inaonekana. Nitajibu kwa utaratibu.

Mtoto hufunikwa vizuri na kulazwa ndani ya ungo nje ya lango. Wazazi huingia ndani, hufunga mlango, na hawatazami nje. Kutupa ni kutupa. Anayechungulia dirishani hajatupa kitu. Mwokotaji, ambaye amekwisha kuteuliwa, huja na ufagio, hufagia kumzunguka mtoto kama afagiavyo taka, humwokota, hugonga mlango na kusema: "Nimeokota mtoto. Je, nyumba hii itamlea?" Nyumba hujibu: "Tutamlea." Tangu hapo nuksi ya baba haimjui mtoto, kwa kuwa ni mtoto wa kuokotwa. Mwokotaji huwa mama wa pili. Kila Mwaka Mpya hupelekewa mochi, keki za mchele mpya uliotwangwa, na katika nyumba zenye adabu jambo hilo halikomi mpaka kufa.

Mwokotaji ndiye hutoa jina. Jina likitoka ndani ya nyumba, mtoto hakutupwa, na nuksi si mjinga. Kwa hiyo Yumiko haiwezekani. Mweleze mama mkwe wako kwa upole.

Si lazima jina liwe Sute. Katika miaka yangu ya kufundisha nimewaandika Hiroi, yaani Wa Kuokotwa. Tome, yaani Koma, ambaye nyumba yake ilikuwa imechoka kupata wasichana. Sue, yaani Wa Mwisho, ambaye baada yake walizaliwa wengine wawili. Kuma, yaani Dubu, ili maradhi yamwogope. Iwa, yaani Mwamba, ambaye dada zake walikufa wote. Na Amari, yaani Ziada. Mnayacheka majina haya. Wazazi wao hawakuwa wakicheka walipoyatoa. Walikuwa na watoto makaburini na walitaka mmoja abaki.

Mimi nilikuwa na arobaini na miwili ulipozaliwa wewe. Aliyekuokota ni jirani yetu Toyoda Yone. Mochi zake zimepelekwa kila mwaka bila kukosa. Mwandikie kwa adabu.

Baba yako,
Hatsukano Gihei

*

Sanozawa, 1 Machi 1954

Wewe Sute,

Barua yako imenikuta nimeingiza miguu chini ya blanketi la meza ya jiko la makaa, nami sina nia ya kuitoa mpaka maua yachanue. Unaniomba nimpe mwanao jina, eti kwa sababu mimi ndiye niliyekuokota. Nimecheka mpaka mzee wangu akaniuliza kama nimepaliwa.

Mwanangu, kijiji kizima kinajua ila wewe. Nilidhani marehemu mama yako alikwambia.

Siku ile nilikuwa nimeteuliwa mimi, kweli. Lakini nilikuwa na maharage ya miso jikoni, sufuria ikafurika, na mwanamke aliyeacha maharage yake yamwagike ataokota watoto wa watu kwa uso gani? Nikachelewa. Nilipofika na ufagio wangu, ungo mtupu. Nikasema, basi, baba yako Mwalimu Mkuu amechoka kuningoja, amemrudisha mtoto ndani, na sasa ananikasirikia. Nikarudi kwenye maharage yangu kimyakimya.

Huko ndani nao wanangoja mlango ugongwe. Mama yako anasema, "Nichungulie kidogo tu." Baba yako anasema, "Kutupa ni kutupa." Anaketi na mgongo wake umenyooka kama rula. Mchana ukapita. Jioni mama yako akasema desturi na iende ikaoge, akafungua mlango.

Wewe ulikuwa umekwisha kuvuka daraja. Alipita mwanamke wa pwani, Murayama Tome, aliyekuwa akileta samaki wa chumvi kutoka Itoigawa kwa ile njia ya chumvi. Akakuta mtoto nje, kwenye ungo, na baridi. Huko kwao mtoto akiwa nje kwenye ungo ametupwa, basi. Kichanga chake mwenyewe kilikuwa kimekufa majira yale yale, na maziwa bado yapo. Akakuweka kifuani, mzigo mgongoni, akashika njia.

Wanaume walimkuta kwenye nyumba ya chai, nawe unanyonya. Mzee wangu alikuwapo. Anasema baba yako alisimama mlangoni na kusema:

"Huyo ni wangu."

"Nimemkuta nje anapigwa na baridi. Wako kivipi?"

"Alitupwa kwa desturi."

"Mimi nimemwokota kwa kweli."

Akakutoa kifuani mwenyewe, hakungoja kunyang'anywa. Kisha akauliza, "Basi kwa desturi yenu hiyo, mimi ndiye mama mwokotaji?" Baba yako akasema, "La. Mwokotaji alikwisha kuteuliwa."

Kesho yake asubuhi ukalazwa tena kwenye ungo, nami nikaja kwa wakati na ufagio. Baba yako akaninong'oneza jina mlangoni, nikalirudia kwa sauti. Kwa hiyo umetupwa mara mbili, mwanangu. Nuksi haikupati hata ikutafute kwa tochi.

Utaniuliza kwa nini nimekula mochi za watu miaka yote hii. Nimezila kwa sababu zililetwa. Ningezikataa, baba yako angekuja kunisomea utaratibu, na utaratibu wa baba yako mimi nauogopa kuliko nuksi.

Jina siwezi kukupa. Si langu kulitoa. Tome yu hai. Ana meza yake ya samaki soko la Itoigawa; andika jina lake tu, posta watamfikishia.

Yone

*

Nagoya, 9 Machi 1954

Kwa Bi Murayama Tome,

Shikamoo. Hunijui kwa jina hili. Mimi ni yule mtoto wa Sanozawa uliyemkuta kwenye ungo. Nimeambiwa habari hiyo wiki iliyopita tu. Nina miaka ishirini na saba, nimeolewa Nagoya, na mwezi ujao natarajia mtoto ambaye watu wanasema ni wa kike.

Mume wangu yumo katika mwaka wa nuksi, na mama mkwe wangu anataka mtoto atupwe. Anayetupwa hupewa jina na mwokotaji. Mimi sikuwa nikiitaka desturi hii. Nimeishi na jina lake na najua uzito wake. Lakini tangu nilipopata barua kutoka kijijini, naona ni tofauti mtu kuokotwa na aliyeagizwa na kuokotwa na aliyekuwa anapita njia.

Naomba uje umwokote mwanangu na umpe jina, jina lolote utakalolipenda wewe. Nauli ya treni nitaituma.

Ni mimi,
Iwase Sute

*

Itoigawa, 20 Machi 1954

Bibi Iwase,

Marahaba. Nimesoma barua yako mara moja pale mezani, na mara ya pili nilipofunga biashara. Nafurahi kwamba uliishi.

Unauliza jina. Nilikuwa nalo. Nilikuita hilo njia nzima, tangu darajani, nawe ulikuwa ukilia, ukanyamaza. Baba yako alipokuja nilimwambia, "Ana jina tayari." Akasema, "Ataandikwa lingine." Alikuwa baba, na mimi nilikuwa na kapu la samaki.

Mwaka uliofuata nilipofika kijijini kwenu, mjumbe alinikuta njiani, akaniambia nipite ng'ambo ya mto, Mwalimu Mkuu hataki maneno. Nikapita ng'ambo. Ng'ambo kuna nyumba chache na kilima kirefu. Nilipita huko mpaka magoti yakakataa.

Sina kinyongo nawe. Lakini jina nililitoa mara moja, likafutwa mbele yangu kama chaki. Silitoi tena ili mtu mwingine aje aandike lake juu. Nyumba inayotaka jina kwa mwokotaji huenda mlangoni kwake, mwenye nyumba akiwa mbele. Desturi ni yenu, nyinyi mnaijua kuliko mimi.

Nauli usitume. Zaa salama.

Murayama Tome

*

Nagoya, 27 Machi 1954

Baba,

Yone amenieleza, na Bi Tome wa Itoigawa amenijibu. Siulizi kwa nini. Nina jambo moja tu.

Uliniandikia kwamba jina likitoka ndani ya nyumba, mtoto hakutupwa. Jina langu ulimnong'oneza Yone mlangoni. Basi, kwa kanuni yako, ama kanuni si ya kweli, ama mimi sina jina.

Mimi nimekwisha kuzoea. Ila mtoto huyu nataka apate jina kutoka kwa mtu aliyeinama akaokota bila kuagizwa. Bi Tome hatalitoa mpaka nyumba yetu iende mlangoni kwake, na mwenye nyumba ni wewe. Mama mkwe ameandika "Yumiko" kwa wino na kubandika karatasi juu ya madhabahu ya nyumbani. Ofisi ya mji inatoa wiki mbili tangu mtoto azaliwe. Zikikaribia kwisha, Haruo atakwenda kuandikisha Yumiko, nami sitakuwa na neno la kumzuia nalo.

Mwanao,
Sute

*

Sanozawa, 2 Aprili 1954

Sute,

Barua imepokelewa.

Kanuni ni ya kweli. Mengine uliyoyaandika ni mambo ya zamani. Kulikuwa na mpango, mpango uliharibika, niliurudisha kama ulivyokuwa. Mtu wa umri wangu hapandi basi kwenda sokoni kuomba jina kwa muuza samaki.

Yone anaweza kuja Nagoya kumwokota mtoto. Nimekwenda kumwambia. Amenijibu kwamba ana maharage jikoni.

Vaa mkanda wa tumbo. Usinyanyue maji.

Baba yako,
Hatsukano Gihei

*

Sanozawa, 18 Aprili 1954

Wewe Sute,

Hongera, na hongera tena. Telegramu yenu ilikuja tarehe kumi na tatu, na mtu wa posta aliisoma kwa sauti getini kama tangazo la mnada: BINTI STOP WOTE WAZIMA STOP HANA JINA. Sisi sote tuliokuwa kwenye mfereji tunaosha mboga tulisikia.

Baba yako akaipokea, akaisoma mwenyewe, akaikunja. Kisha akachukua ufagio akafagia ua. Kesho yake akafagia tena. Ua ule ulikuwa safi kiasi cha kulia wali juu yake, naye anafagia.

Jioni akaja kwangu. Hakuketi.

"Yone, mwokotaji hupelekewa nini anapoendewa mara ya kwanza?"

"Mwalimu, unaniuliza mimi? Wewe ndiye kitabu."

"Nakuuliza."

"Mochi na pombe ya sake. Na uso wa kuinamisha, kama unao."

Akafikiri. "Za mwaka huu, au za miaka yote?"

"Za miaka yote utazibebea gari gani?"

Alikwenda kuutwanga mchele mwenyewe. Nani hutwanga mochi mwezi wa Aprili? Watu walisikia kinu wakaanza kuulizana nani kafa. Asubuhi akatoka amevaa lile vazi lake la heshima la mahafali, furushi mkono mmoja, kidumu cha sake mkono wa pili. Mzee wangu akataka kumpokea mzigo mpaka kituo cha basi. Akasema, "Huu haupokelewi."

Amerudi jana. Hakusema neno, nami niliuliza maneno mengi. Ananuka samaki kuanzia kola mpaka soksi. Amepewa ngisi wakavu, wamefungwa kwa kamba, naye alishuka basi amewashika kwa mikono miwili kama aliyepewa cheti.

Mimi sijui walisemezana nini. Wewe ukijua, niandikie upesi, kabla sijazeeka zaidi.

Yone

*

Itoigawa, 19 Aprili 1954

Sute,

Baba yako alikuja. Alipiga magoti mbele ya meza yangu, sokoni, kweupe. Nikamwambia ainuke, sakafu ina maji ya samaki na vazi lake ni zuri. Akasema vazi litafuliwa.

Hakutoa maelezo mengi. Alisema, "Nimekuja kwa mwokotaji wa binti yangu." Nilitaka kumwambia mambo ya ng'ambo ya mto. Nilikuwa nimeyapanga kichwani miaka mingi, mengine yalikuwa makali mazuri. Nikamtazama alivyozeeka, nikamkatia samaki. Akala, na miiba yote akaipanga ukingoni mwa sahani.

Nitapanda treni Ijumaa. Jumamosi asubuhi mtoto awe nje. Jina siliandiki hapa. Jina la mtoto aliyetupwa husemwa mlangoni.

Tome

*

Nagoya, 25 Aprili 1954

Baba,

Naandika siku moja baadaye, ili niandike kwa utaratibu.

Hakuna mtu mwenye ungo katika mtaa huu. Mama mkwe alizunguka tangu alfajiri, na mwishowe akaazima sinia la mianzi kwa muuza mchele, akalipangusa mara tatu. Tulimlaza mtoto mbele ya mlango, tukaingia, tukafunga. Haruo alikuwa na muhuri wake wa kuandikishia mfukoni tayari, kwa kuwa Jumamosi ofisi ya mji hufunga saa sita mchana, na Jumamosi hiyo ndiyo ilikuwa siku ya mwisho. Karatasi ya Yumiko ilikuwa bado pale juu. Mama mkwe alikuwa amekubali Bi Tome amwokote mtoto. Jina hakuwa amelikubali. "Aokote," aliniambia, "jina tutaona."

Hatukutazama nje. Nilisikia baiskeli ikipita, kisha ufagio. Bi Tome alifagia polepole sana. Mama mkwe akaninong'oneza, "Anafagia mtaa mzima?" Kisha ufagio ukanyamaza. Haruo akatazama saa. Mimi nilitazama mlango. Nilifahamu, Baba, jinsi mchana ule ulivyokuwa kwenu humo ndani.

Mlango ukagongwa.

"Nimeokota mtoto. Je, nyumba hii itamlea?"

Ilikuwa zamu yangu kujibu. Nilifungua mlango. Ni mwanamke mfupi, magoti yamepinda kwa nje, na alikuwa amemweka mtoto kifuani ndani ya koti lake la safari, kichwa tu kinaonekana. Nilikuwa nimejifunza neno la kujibu. Halikutoka. Haruo akanitazama, nami nikamtazama yule mwanamke.

Mama mkwe ndiye aliyejibu, nyuma yangu, kwa sauti ya juu kidogo: "Tutamlea."

Kisha akasogea mpaka mlangoni na kumwinamia mtoto kana kwamba hajapata kumwona.

"Anaitwa nani?" akauliza.

"Nagi," Bi Tome akasema.

"Nagi? Sijawahi kulisikia. Ni jina la wapi?"

"La kwetu pwani. Upepo ukifa, bahari ikitulia mpaka ukaona uso wako, tunasema nagi. Shwari. Milimani hawana neno hilo kwa sababu hawana haja nalo." Akanitazama. "Nilimwita mtu mmoja hivyo kwa nusu siku. Tangu hapo sikumpa mwingine."

Mama mkwe alilitamka mara mbili, taratibu, kama mtu anayeonja chumvi ya mchuzi. Akamgeukia Haruo.

"Umesimama unangoja nini? Ofisi inafungwa. Andikisha Nagi. Na usiliongezee kitu mwishoni ili lifanane na la binti wa daktari, nakujua wewe."

Haruo aliondoka mbio na ndara za nyumbani. Alifika. Karani alimwuliza kama ana hakika, akasema mama yake ana hakika, na karani akaandika.

Sisi tulibaki mlangoni. Mtoto alikuwa bado ndani ya koti la Bi Tome, amelala. Chai ilipoa. Hakuna aliyemharakisha kumrudisha.

Mwanao,
Sute